Mashine Isiwe Shahidi

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti ofisi ya ukaguzi wa shule Kigoma nikiwa bado na vumbi la treni kwenye nywele. Mkaguzi Mkuu, bosi wangu wa kwanza, hakuniuliza habari za safari. Alinipeleka moja kwa moja shule moja ya Katubuka, akanikalisha dawati la nyuma. Nikatoa kalamu.

"Irudishe," akasema. "Sikiliza watoto kwanza. Kalamu utaitoa mwisho."

Nilimwona mnoko tu. Lakini ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyozeeka. Nilihamishiwa Kasulu, kisha Kibondo, nikarudishwa mjini. Katikati wakatubadilisha jina, wakaguzi tukawa wathibiti ubora wa shule, kazi ileile kwa kofia mpya. Magoti yangu yaliishia kwenye pikipiki za serikali. Nilipokaribia kustaafu nilijua nitamalizia kwa kunywa chai ofisini. Ndipo Afisa Elimu akaniita.

"Mama, kuna hii akili mnemba," akasema, akimaanisha programu za kompyuta zinazoandika na kujibu maswali kama mtu. "Walimu wanalalamika. Tuandalie rasimu ya mwongozo kwa shule zetu."

"Mimi? Simu yangu yenyewe ananiwekea sawa mjukuu."

"Ndiyo maana nakupa wewe. Vijana wangu wataipigia debe."

Kazi ile ilinichosha mapema. Rasimu ni andiko ambalo kila mwenye cheo ana ruhusa ya kulikatakata, na langu lilikatwa kweli. Kikao cha kwanza tulibishana asubuhi nzima: tunawezaje kukitungia kanuni kitu ambacho kirasmi hakipo, maana wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni? Hakipo, lakini insha zilikuwa zinarudi kutoka nyumbani zimenyooka kama shuka la hoteli.

Tukiwa hapo, mkuu wa sekondari moja ya Gungu akanipigia. Amemnasa, kwa insha anayodai imeandikwa na mashine, binti wa Kidato cha Nne, Jenoveva, mtoto wa wavuvi wenye asili ya Kongo. Bodi ya shule inakaa kesho yake kumsimamisha masomo na kufuta alama zake za upimaji endelevu, zile zinazokusanywa kabla ya mtihani wa taifa. Mtihani wenyewe ulikuwa mlangoni. Nikapanda bodaboda.

"Amekiri?" nikamuuliza.

"Yeye anakataa, wiki nzima analia tu. Iliyokiri ni mashine."

Alikuwa ameingiza insha ya binti kwenye simu yake, akaiuliza programu kama ndiyo iliyoiandika. Ikajibu ndiyo, kwa adabu zote.

"Halafu Mama, huyu akiongea ni Kiha na Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, mchanganyiko mtupu," akaendelea. "Akiandika, utasema mtangazaji wa redio. Hao ni watu wawili."

Ukutani kwake palikuwa na hotuba ya mahafali aliyoiandika angali mwalimu kijana, kabla mashine hizi hazijafika, imewekewa fremu na kioo. Nikamwomba aiingize nayo, aulize swali lilelile. Programu ikajibu kwamba ndiyo, hiyo pia iliiandika yenyewe. Mkuu akasoma jibu mara mbili, akailaza simu kifudifudi.

"Muongo huyu," akasema taratibu.

Tulicheka, lakini moyoni niliumia. Kumbe kitu hakikumbuki kilichoandika, kinampendeza tu anayeuliza, na mtoto wa watu amelia wiki nzima kwa ajili yake.

Nikaomba binti aitwe. Kalamu niliiacha mkobani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nieleze insha yako."

Alikuwa ameandika juu ya wanawake wanaoanika dagaa pale Kibirizi. "Mvua ikikuya, Mama, tunakimbiaka wote kuanua, hata wenye wamegombana," akasema, akaendelea hadi mwisho. Kila hoja ya kwenye karatasi ilikuwemo mdomoni mwake. Nikamuuliza lugha ile ya kwenye karatasi ameitoa wapi.

"Nasomaka masomo ya Biblia kanisani kila Jumapili, mbele ya watu."

Bodi iliposikia hayo ilimwachia. Nami nikaandika kifungu kwenye rasimu: mashine isiwe shahidi dhidi ya mwanafunzi, mwalimu amsikilize kwanza. Ofisini walikata kurasa nyingi, nikawaachia kwa uchovu, ila walipogusa hapo niliwaka. "Mkikifuta hiki, futeni na jina langu." Kikabaki. Mwongozo ukapita, wakanipigia makofi na kunipa kanga ya kuniagia.

Sasa nipo nyumbani na magoti yangu. Majuzi Jenoveva alikuja kunisalimu, matokeo yameshatoka. Amefaulu. Kiswahili, somo alilolipenda kuliko yote, amepata wastani tu. Nikamuuliza kulikoni.

Akainamisha kichwa. "Mama, tangu ile siku naandikaka vibaya kidogo. Naweka makosa, ili wajue ni mimi."

Nimefanya kazi maisha yangu yote ili watoto waandike vizuri, na hili sikuliwaza hata siku moja. Nikamsogezea kiti na gazeti lililokuwa mezani, nikamwomba anisomee chochote.

Alisoma vizuri sana, kisha akanitazama usoni kuona kama namwamini.