Alama ya Tamsin

Tamsin Orchard alifika Santa Helena na mume, sanduku moja na ahadi ya shamba. Moto wa London uliwaacha na nguo za mwilini tu, Kampuni iliyomiliki kisiwa ikawaambia huko kuna ardhi tele. Ilikuwapo kweli, na homa ilikuwapo pia. Mume hakumaliza miaka mitatu. Tamsin akabaki na kitoto chake Joan, konde la magimbi, na mbuzi wawili wa maziwa.

Mbuzi wa kisiwa kizima walichungwa pamoja mlimani. Kila nyumba ilikuwa na mkato wake wa sikio, na mkato huo ndio hati ya umiliki. Wa Tamsin ulikuwa meno mawili kwenye ukingo wa sikio la kushoto. Vitoto vya mbuzi vilifungwa nyumbani ili mama zao warudi jioni kunyonyesha na kukamuliwa.

Jioni moja hawakurudi. Kesho yake jirani yake, Sajini Pledger, alikuwa na mbuzi wawili wapya, sikio la kushoto limefyekwa lote. Tamsin alipomuuliza, akamjibu bila haya kwamba mbwa ndio waliowang'ata. Wakang'ata sikio lilelile kwa wote wawili, mbwa wenye adabu hao.

Maziwa yalipokosekana, Joan alikataa uji wa magimbi. Siku ya tisa akafa.

Tamsin hakulia mbele za watu. Alikuwa na chuki, na chuki ilimtosha chakula. Akavikata vile vitoto vya mbuzi alama yake, akavilisha majani kwa mkono, akingoja siku ya kukusanya mbuzi.

Siku hiyo mbuzi wote hushushwa katika zizi la mawe, na kitoto kisicho na alama hupewa alama ya mama kinayemkimbilia. Tamsin akamwomba mzee Amos Tull, msimamizi wa zizi, apime kinyume: vitoto vyake vina alama, mama zao ndio hawana. Akavifungulia. Vikapenya kundi zima mbio, vikaenda kusukuma viwele vya wale mbuzi wawili wasio na sikio la kushoto. Watu wakamgeukia Pledger.

Sheria ya zizi ilikuwa fupi: mwizi wa mbuzi hupoteza kundi lake lote kwa aliyeibiwa. Tamsin akaomba jambo moja zaidi, Pledger amshikie mbuzi akiwatia alama.

Alikata taratibu, meno mawili, meno mawili, mchana kutwa. Pledger alishika kichwa cha kila mbuzi wake, shati limeloa damu. Akabaki mmoja.

“Huyu tuachie, jirani,” akasema kwa sauti ya chini. “Mtoto wangu anategemea maziwa yake.”

Mkewe alisimama ukutani na mtoto kiunoni, rika la Joan. Mashavu ya mtoto yalikuwa yamejaa. Tamsin aliyatazama kwa muda mrefu, akijua yamejazwa na nini.

“Mpe uji wa magimbi,” akasema. “Shika sikio.”