Waliofutwa Mnarani

Nilikuwa steshenari moja hapa Kasulu mjini kupiga picha ya pasipoti, na fundi ananisihi nifunge mdomo, kazi ambayo mke wangu imemshinda. Akaingia mama mmoja na simu yake. Binti yake aliyeolewa pwani alimtumia picha ya mnara uliojengwa ufukweni kwa ajili ya mabaharia waliozama na meli yao, wenye majina yao wote. Mume wa mama huyo alikuwa mpishi wa meli hiyo. Mwili haukupatikana, kwa hiyo kaburi hana. Mama alitaka picha ya kutundika ukutani.

Fundi, aliyezoea kuwaondoa wadoezi kwenye picha za harusi, akabofya wee, kisha akatoa karatasi kwa madaha.

"Mama, nimekusafishia! Majina mengine yote nimeyafuta, kabaki mzee peke yake, anang'aa!"

Mama akaipokea kwa mikono miwili. Akapapasa ule weupe uliolizunguka jina.

"Warudishe, mwanangu. Mimi upweke nimeshauzoea. Yeye usimwache peke yake."

Fundi akawarudisha wote. Zamu yangu iliporudi, hakuhitaji kunisihi. Mdomo ulikuwa umejifunga wenyewe.