Nilimshikia Shangazi Kalamu Siku ya Kura, Ndugu Yangu Akataka Nimtajie Jina

Wakuu, salamu kwenu nyote mlioketi barazani humu.

Nimesoma hapa visa vingi vya uchaguzi wa wadi, vya walioshinda na vya wanaosema waliibiwa. Changu ni kidogo, na ni cha kweli. Majina nimeyabadilisha. Mwenye kisa, shangazi yangu, amenipa ruhusa ya kukisimulia kwa sharti moja, ambalo mtaliona huko mbele.

Wadi yetu iko upande wa Msambweni, ukishaiacha lami na kuingia kwenye mikorosho. Mimi nilizaliwa huko lakini naishi Ukunda, ambako naandika makala ambazo watu wa nyumbani huzisifu bila kuzisoma. Huniita Profesa. Sijawahi kuwa profesa. Nina digrii mbili, na gari ambalo haliwaki mpaka lisukumwe.

Uchaguzi uliopita ndugu yangu Nasoro, mtoto wa baba yangu mdogo, aligombea kiti cha MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti. Hotuba zake nilimwandikia mimi. Alikuwa akisoma ukurasa wa kwanza, kisha anaikunja karatasi na kusema ya kichwani mwake. Makofi yalikuwa yakianza hapo.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Mutua, mtu wa bara ambaye wazazi wake walipewa shamba kwenye skimu ya serikali ya kugawia watu ardhi. Mwenyewe anauza mbegu na dawa za mifugo pale senta. Si mtu wa maneno mengi. Kampeni ikawa ile mnayoijua: huyu wetu, yule wa kuja. Mutua amezaliwa palepale, lakini "wa kuja" ni cheo ambacho mtu hurithi.

Sasa shangazi.

Bi Mwanamvua ni dada wa baba zetu, na anaishi uani kwa Nasoro. Nasoro ndiye aliyemjengea chumba, na mkewe Nasoro ndiye anayempikia. Siku hizo macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Alikuwa akiona mwanga na vivuli, basi.

Kwa wasiojua: mpiga kura asiyeona anaruhusiwa kuingia na mtu wake wa kumsaidia. Akikosa mtu, msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya maajenti wa wagombea, na mpiga kura hulazimika kutaja jina wakisikia. Uchaguzi wa kabla ya huo, shangazi alisaidiwa hivyo.

Safari hii nyumbani walishapanga kwamba mke wa Nasoro ndiye angempeleka. Hata halikujadiliwa. Asubuhi nikapita kuwaamkia, nikampa shangazi shikamoo, akaitika marahaba, kisha akasema atakwenda na mimi. Mke wa Nasoro alikuwa ameshavaa buibui. Akalivua polepole, akaliangika.

Njiani nikamuuliza shangazi kwa nini mimi.

"Mara ile nilitaja jina," akasema, "nikafika nyumbani nikalikuta limenitangulia. Nataka nitie kura moja isijulikane, kabla sijafa."

Nikamshukuru kwa kuniamini.

"Si kukuamini, mwanangu. Wewe hata ukisema, hapana mtu anayekuelewa."

Wakuu, nimeshafanyiwa uhakiki mwingi maishani, lakini huo ndio ulionifika.

Kituo kilikuwa darasa la shule ya msingi. Nikaapishwa kwamba sitatoa siri ya ninayemsaidia. Maajenti wa pande zote wakatutazama tunavyokwenda nyuma ya kile kibanda cha kadibodi. Ajenti wa Nasoro akanikonyeza.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichoshika. Kalamu ninayo mimi, anayeona ni mimi, na shahidi hayupo. Ningeweza kutia alama popote nilipotaka, na mimi nilikuwa na mtu wangu. Ulinzi wote wa kura ile, askari na wino na maajenti, ulikuwa umeishia kwenye vidole vyangu.

Akanivuta sikio, akanitajia jina la mgombea wa wadi kwa mnong'ono. Nikatia alama. Akasema, "Nionyeshe," nikachukua kidole chake nikakiweka juu ya alama. Akakiacha hapo kitambo, kana kwamba wino una joto. Zile karatasi nyingine, ya urais na za viti vingine, tulizimaliza upesi, lakini hii ya wadi aliitumbukiza mwenyewe, akabaki ameshika mdomo wa sanduku mpaka karani akamwambia imeingia.

Nasoro alishindwa. Kwa kura chache.

Na kura zikiwa chache, watu huanza kuhesabu nyumba kwa nyumba. Nani hakuja, nani alichekacheka na Mutua dukani. Haikuchukua muda wakafika kwetu.

Nasoro alinifuata Ukunda. Hakuja kwa ukali. Alikunywa chai, akaulizia watoto, kisha akasema, "Nambie tu. Shangazi alinipa?"

Nikamwambia niliapa.

"Uliwaapia watu wa tume. Mimi ni damu yako."

Nikanyamaza.

"Basi nimejua," akasema. "Angenipa, ungeniambia."

Wakuu, hapo ndipo elimu yangu yote iliponitupa. Alikuwa amenifungia njia mbili. Nikisema ndiyo, iwe kweli au uongo, basi kila msaidizi atakayenyamaza baada yangu ataonekana amesema hapana. Nikinyamaza, mama mzee anarudi kulala kwenye chumba alichojengewa na mtu anayeamini kwamba amemsaliti. Nilinyamaza. Usingizi nao ulinihama.

Baadaye shangazi akanieleza kwamba Nasoro alimwendea yeye mwenyewe, akamuuliza. Alimjibu hivi:

"Ungeshinda, ungekuja kuniuliza?"

Nasoro akamuuliza kama ameshakula.

Chakula hakikukoma. Na mimi hakunisemesha mpaka Ramadhani, alipopiga simu kuniita kufuturu, na tukala bila kuligusa jambo hilo.

Mwaka huu Nasoro ameanza tena kuzungusha jina lake kwenye wadi. Na mwaka huu huu amempeleka shangazi hospitali, macho yakafanyiwa upasuaji, sasa anaona. Sijui kama ni mapenzi, au ni kuhakikisha mimi sihitajiki tena siku ya kura. Nadhani yeye mwenyewe hajui, na sioni haja ya kumpembulia.

Ninachojua ni hiki. Tunaisifu siri ya kura kama kitu cha sheria na masanduku. Kumbe hulindwa nyumbani, na watu ambao wangeweza kuudhiana vibaya sana lakini wakaamua kula pamoja.

Sharti la shangazi ni kwamba jina sitalitaja, hata kwenu. Kwa hiyo msinijie inbox. Nambieni tu kwenu wazee wasioona hupiga kura vipi, na nani huwashikia kalamu.

Wiki jana nilikwenda kumtazama. Akaniangalia usoni, akasema nimezeeka kuliko alivyodhani. Nikamwambia basi uchaguzi ujao kazi yangu imekwisha.

"Imekwisha," akasema. "Safari hii hata wewe hutajua."