Kompyuta ya Makoko inayosalimia ukoo mzima

Leo nimempunguzia Mama Bhoke dakika tano, nikamharibia asubuhi nzima.

Mama Bhoke anapima samaki hapa Makoko. Kompyuta ya mzani wake ukiiwasha inakaaga dakika tano ndiyo ifunguke.

"Fundi, hii yako inasalimiaga ukoo mzima kabla ya kukaa!"

Nikaangalia. Kumbe ni mimi. Mwezi uliopita ilikuwa inaganda kila saa, nikaweka amri kwenye kernel, ule moyo wa mfumo, ikague memori yote kabla ya kuwaka. Kuganda kukaisha. Nikaenda zangu, amri nikaisahau humo.

Basi leo nikaitoa.

Sekunde ishirini, imewaka! Mama Bhoke akapiga makofi. Mimi nikajiona fundi wa Mara nzima.

Sangara wa tatu yuko juu ya mzani, skrini ikaganda.

Tukawasha upya. Ikaganda tena. Barafu inayeyuka, na wavuvi wananiangalia mimi, hawaangalii kompyuta.

Nikasoma rekodi za siku zilizopita. Kila asubuhi ule ukaguzi ulikuwa unakuta kipande kilekile kibovu cha memori, unakiruka, kazi inaendelea. Mimi nilidhani unapoteza muda tu.

Nikarudisha amri. Memori mpya nimeagiza Mwanza.

Mafundi wenzangu, chekeni, lakini semeni na nyie mlichong'oa kikawaumbua.

Mama Bhoke alivuta kigoda akasubiri dakika zake tano bila kulalamika.

"Kumbe ilikuwa inauliza nani nyumbani anaumwa," akasema. "Na wewe ukaikatisha."