Siku Tatu za Kwenda Bweni

Mpaka leo nikipita dukani nikanusa godoro jipya la sponji, moyo hunienda mbio, kama mtu anayehimizwa apande gari upesi.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba, ambaye wazee wake walikuwa na duka la vitambaa kwetu Kilindoni, alikuwa na Haisi ya abiria. Likizo moja aling'oa viti vya nyuma, akapigilia mbao, akatandika godoro na kutundika khanga madirishani. Majirani walicheka: mtu ana nyumba yake, anakwenda kulala garini! Baba akasema anatutembeza pwani, tuogelee kila ufukwe mpaka Bweni, kaskazini mwa kisiwa chetu, alikozaliwa mama.

Bweni nilikuwa sijawahi kufika. Bibi mzaa mama alikuwa hai, lakini kila nilipomuulizia, mama alisema anakaa mbali. Niliamini. Sikujua kwamba huko mbali kwenyewe ni mwendo wa saa mbili.

Sisi tulitumia siku tatu. Kila tuliposimama, mimi na mdogo wangu Idi tukiwa ndiyo kwanza tumevua nguo, mama aliita. Mara upepo mwingi, mara mchanga una viroboto, mara maji yamekupwa. Chai ilimwagwa ingali ya moto. Pale Kanga, ufukwe mweupe mpaka unaumiza macho, nililowa magoti tu.

"Mama, mbona hatukai mahali?"

"Viatu vyako viko wapi?" akajibu bila kunitazama.

Baba hakubisha hata mara moja. "Haya, wanangu, pandeni."

Siku ya pili, mchana, minazi ya Bweni ikaanza kuonekana. Mama akashika dashibodi kwa mikono miwili. "Geuza," alisema. Baba akageuza, tukarudi kulekule Kanga. Idi alilia kwa hasira. Mimi niliapa sipandi tena gari lile. Mama alikaa mlangoni pa gari akifunga fundo la khanga yake na kulifungua, akifunga na kulifungua, na tulipotaka kucheka baba alitukata jicho.

Asubuhi yake tulijaribu tena, tukafika. Baba alisimama pembeni mwa kijiji, lakini hakuzima gari.

"Naliacha lingurume," alimwambia mama. "Ukisema tuondoke, tunaondoka."

Watoto wa pale walikuja kutushangaa, kisha wakatimua mbio kwenda kusema. Punde akaja mwanamke mfupi, mikono imejaa unga wa muhogo, pua yake ni ileile ya mama.

"Shikamoo, mama," mama alisema.

Bibi hakuitikia. Alivua ndala, akazipanga chini kama anayeingia nyumba ya watu, akapanda. Akaketi kwenye godoro letu, akalibonyezabonyeza, akatutazama mimi na Idi mmoja mmoja. Kisha akaweka kiganja chake chenye unga juu ya kichwa cha mama.

"Marahaba. Baba yako alikuulizia mpaka mwisho."

Mama alilia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Bibi akamgeukia baba, mkwe ambaye alikuwa hajawahi kuzungumza naye.

"Zima gari, mwanangu."

Nilipokuwa mkubwa ndipo mama aliponieleza. Babu alimkataza asiolewe na baba, mtoto wa wenye duka la mjini. Alipoolewa, akaambiwa asikanyage tena Bweni. Mwaka mmoja kabla ya safari yetu babu alifariki, na mama hakwenda kuzika, kwa kuogopa kufukuzwa msibani mbele za watu.

Kwa miaka mingi nilidhani Haisi ile ilitengenezwa kwa ajili yetu watoto. Kumbe baba alijua mkewe hataweza kufika Bweni kwa siku moja. Alimtengenezea mahali pa kulala, ili aweze kurudi nyuma mara nyingi kadiri atakavyo, bila kumwomba mtu hifadhi wala kumweleza mtu sababu.