Nilitafsiri karatasi ya wamisionari kwa kubahatisha, mikorosho ya Bibi wa watu ikaanza kukatwa

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Hiki ninachoandika kimenitokea mwenyewe mwaka jana, na waliokuwepo wako hai. Sijatia chumvi. Ningekuwa mtu wa kutia chumvi, ningejipa sehemu nzuri zaidi kwenye habari hii.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, sekondari. Kwetu ni Njombe, Mtwara nimeletwa na ajira, naishi Mtawanya. Jumapili nasali kwenye kanisa dogo la zamani nje ya mji, walilojenga wamisionari wa Kiingereza.

Sasa mjue kitu kimoja.

Ukishaitwa mwalimu wa Kiingereza, wewe ni mali ya umma. Unaletewa maelezo ya dawa, manual ya jenereta, meseji za mchumba wa Facebook anayedai yuko Kanada. Hakuna anayekuuliza kama unajua. Wanakukabidhi tu na kusubiri.

Basi kanisa likataka kujenga chekechea. Eneo lililopendeza ni pale kati ya geti la kanisa na kisima, kwenye mikorosho kama ishirini hivi. Anayeitunza ni Bibi Veronika, mjane, umri umeenda, na chakula chake kinatoka kwenye hiyo mikorosho.

Bibi anasema shamba ni la marehemu baba yake. Kamati inasema ni la kanisa. Karatasi hakuna, si kwake wala kwao.

Halafu karatasi ikapatikana. Katekista alikuwa anasafisha kabati la ofisi, akaikuta nyuma ya vitabu vya nyimbo. Ukurasa mmoja wa taipu, pini imeota kutu. Kiingereza kitupu.

Nikaitwa kikaoni baada ya ibada. Yupo padri, yupo mwenyekiti wa kamati na wajumbe wake, na Bibi Veronika amekaa benchi la nyuma, kanga mpya.

Karatasi ilikuwa fupi. Ilisema ardhi kuanzia lychgate mpaka kisimani ni ya sexton na wazao wake, na ng'ambo ya kisima ni glebe. Jina la mtu halikutajwa hata moja.

Wakuu, nina digrii. Lychgate sikuwahi kukutana nayo. Sexton vilevile. Glebe nilidhani aliyetaipu alikosea.

Simu ilikuwa mfukoni na bando lilikuwepo. Lakini mwalimu wa Kiingereza atoe simu mbele ya kamati nzima aanze kugoogle Kiingereza? Nikakohoa kidogo, nikaanza kufundisha.

Nikasema lychgate ni geti kuu tu, kwa lugha ya heshima. Hapo Mungu alinisaidia, sikuwa mbali.

Nikasema sexton ni cheo kikubwa, chini kidogo ya askofu. Padri akanitazama. Nadhani aliona labda ni mambo ya kale, akaniacha niendelee.

Mjumbe mmoja akauliza, "Sasa wazao wa mkubwa huyo ni akina nani, Mwalimu?"

Nikajibu bila kupepesa macho kwamba wazao hapo ni wa kiroho, yaani sisi waumini. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Kuna mama aliandika kwenye daftari.

Glebe nikasema ni makaburi ya Wazungu. Hapo nilikuwa nimeshachangamka.

Bibi Veronika akanyoosha mkono. Akasema taratibu, "Baba angu alitoka ng'ambo ya Ruvuma akapata kazi hapa. Anapiga kengele, anachimba makaburi. Padri ntu nweupe ndo alompa hapa mahali. Huyo nkubwa unayensema mie sijapata kumwona."

Mwenyekiti akamjibu kwa upole kabisa, "Bibi, mwalimu kasoma."

Kikao kikafungwa kwa sala.

Nilipofika nyumbani nikagoogle. Sexton ni mtu anayetunza jengo la kanisa na viwanja vyake. Anapiga kengele. Anachimba makaburi.

Nikafungua kamusi nyingine, labda ipo itakayoniunga mkono. Haikuwepo.

Lychgate ni lile geti lenye kijipaa juu, ambapo zamani jeneza lilipumzishwa likimsubiri padri. Geti letu lina kijipaa, na nimepita chini yake miaka sita. Glebe ni ardhi ya kanisa ya kumtunza padri.

Mtu mwenye akili angepiga simu dakika ile ile. Mimi nikajiambia nitasema Jumapili. Jumapili ikafika, nikatuma ujumbe kwamba nina mafua.

Sina maelezo mengine wakuu, niliona aibu. Nilikuwa naogopa wanafunzi wangu wasije wakasikia, na nilikuwa namwogopa Bibi Veronika zaidi ya wanafunzi.

Siku ya kumi na moja nikapita pale na bodaboda, nikasikia msumeno. Mikorosho miwili ilikuwa chini, na maua yake. Bibi alikuwa anaokota matawi anayafunga kuni.

Nikashuka. "Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mafua yamepona?"

Nikamwambia fundi azime msumeno. Nikaenda moja kwa moja kwa padri, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Akanisikiliza, akasema, "Hayo utayasema mwenyewe, Mwalimu. Jumapili, kwenye matangazo."

Nikayasema. Kanisa lilikuwa limejaa kuliko Pasaka.

Nilisema nilibahatisha, na kwamba sexton ni kazi aliyofanya baba yake Bibi Veronika, na wazao ni wazao wa kawaida wa kuzaliwa. Yule mama wa daftari akafungua daftari akafuta.

Nikafika kwenye glebe. Nikaeleza kwamba ardhi ya kanisa ipo, ila iko ng'ambo ya kisima. Watu wakaanza kugeuza shingo, kwa sababu kila mtu anajua ng'ambo ya kisima kuna nyumba moja tu, ya bati la bluu, na ni ya mwenyekiti.

Mwenyekiti akasimama. "Mwalimu, na hiyo glebe una uhakika, au nayo umebahatisha?"

Nikamwambia hiyo nimeitafuta kwenye kamusi nne.

Chekechea inajengwa huko sasa. Nyumba ya mwenyekiti hawakuigusa, migomba yake ndiyo imeondoka. Mwenyekiti bado ananisalimia, ila kwa kifupi.

Kwa Bibi nilikwenda kuomba radhi na miche miwili ya mikorosho. Hakusema amenisamehe. Alinipa jembe.

Nikachimba. Akanitazama, akasema baba yake angekuwa ameshamaliza kaburi zima. Nikaendelea kuchimba.

Tulipomaliza kushindilia udongo akauliza, "Ile ilokatwa ilikuwa inazaa. Hii mpaka ije izae, mie nitakuwepo?"

Nilikuwa na majibu kama matatu hivi ya kumfariji, yote mazuri. Nikamwambia sijui, Bibi.

Akasema, "Haya. Lete maji."

Wakuu, funzo langu ni hilo, sina kubwa zaidi. Ukiletewa karatasi usiyoielewa, toa simu mbele za watu, utaonekana mjinga dakika mbili. Mimi nilikwepa hizo dakika mbili, ikamgharimu mtu mwingine miti iliyopandwa na baba yake.

Wenye karatasi za zamani za kanisani, wekeni hapa hayo maneno tusaidiane. Na wewe unayetaka kujibu haraka haraka bila kuangalia, nakuomba kwanza umuulize mwenye karatasi kama kuna mtu analima hapo.