Nimevinyang'anya Vita Usingizi Wangu

Kabla ya vita nilikuwa mtu wa kulala. Nilitengeneza baiskeli za wachuuzi wa njia ya Kalima, na jioni nilishiba ugali na sombe, majani ya muhogo, nikakoroma mpaka adhana.

Vita vilipoingia mji wetu, Kindu, vilimchukua kaka yangu; tangu hapo tulilala na viatu miguuni, mizigo mlangoni. Nilitafuna makasu, zile kokwa chungu zinazofukuza usingizi, ili nisikie risasi mapema. Usiku mmoja masikio yangu yalituokoa: tulifika msituni kabla nyumba haijachomwa. Nikajiona shujaa.

Kosa langu lilikuja baada ya amani. Majirani walivua viatu, mimi nikakataa, nikaendelea kutafuna makasu. Niliwacheka: "Mwenye kulala njo wa kwanza kufa!" Miaka ikapita hivyo. Tumbo likavimba, miguu ikakonda, moyo ukadunda kama mchi. Kijiko kikianguka, nilimfokea mke wangu, Mama Zaina. Mwaka jana nilianguka kazini, mdomo umepinda, mkojo umenitoka mbele ya wateja.

Hospitalini daktari, binti mdogo kuliko Zaina wangu, aliniuliza ninalalaje. Nikajivuna: "Miye silalaka, dokta. Niko sentineli, nalinda nyumba."

"Sentineli wa nani, papa? Vita iliisha. Mwili wako haujapata habari."

Akanieleza: mtu akikosa usingizi, mwili hudhani kuna hatari, humwaga kotizoli, homoni ya kukabili hatari. Ikibaki juu usiku, usingizi huzidi kukimbia, na presha na sukari hupanda. "Ukiendelea hivi, mshipa wa kichwa utapasuka."

"Na makasu, dokta?" Mama Zaina, aliyenisindikiza, akadakia. "Anatafunaka kama mbuzi!"

Daktari akayakataza. Niliacha makasu, nikameza dawa za presha. Siku za kwanza zilikuwa moto: jasho, kichwa kugonga, kushtuka kila mbwa alipobweka. Nikitaka kuinuka, Mama Zaina alinishika mkono: "Lala, Baba Zaina. Leo zamu yangu." Polepole usingizi ukaja. Presha imeshuka, mdomo umenyooka, na baiskeli natengeneza.

Namshukuru Mungu, daktari, na mke niliyemchosha miaka yote ile. Wewe uliyeokoka vitani na bado hulali, usijisifu kama nilivyojisifu. Nenda ukapimwe. Kukesha si ushujaa tena.

Vita vilichukua nyumba yangu na kaka yangu. Havikushiba, vikataka na kichwa changu. Sivipi. Leo nikifunga kazi nitalala fofofo, na vije vijaribu kuniamsha.